Kiti, Fimbo na Mwavuli

Mgeni akiingia nyumbani mwa watu, hata kabla hajaulizwa habari za njiani, macho yake hupanda ukutani. Hapo wenyeji wameweka yale wanayotaka yajulikane pasipo kusemwa: msalaba, Bikira Maria, kalenda ya parokia, arusi ya binti, kijana aliyepata diploma yake. Na katika nyumba chache, juu ya hizo zote, pana picha moja ya zamani iliyogeuka rangi ya chai, yenye mzee aliyeketi na watu waliosimama kumzunguka. Picha ya namna hiyo tuliiona hapa Kasha, katika nyumba yenye matanga, na tangu siku ile hatujaacha kuifikiri.

Mzee ameketi juu ya kiti kizuri cha mbao chenye mikono. Amevaa koti la Kizungu juu ya nguo ndefu. Mkono wa kuume umeshika fimbo. Wa kushoto umewekwa gotini, vidole vimenyoshwa kama vya mtu anayengoja kuhesabiwa. Kuumeni kwake wamesimama wanaume wawili. Upande wa pili yuko mwanamke, ila ukingo wa picha umemkata nusu. Na nyuma kabisa kijana mwembamba, asiye na viatu, ameinua mwavuli juu ya kichwa cha mzee. Ajabu ni kwamba wote wamo barazani, chini ya paa, pasipofika jua wala mvua.

Wajukuu wa mzee huyo walikuwa wakibishana juu ya shamba. Mmoja wao akasimama, akanyosha kidole ukutani: “Tazameni wenyewe! Babu yuko kitini, baba yangu yuko kuumeni kwake. Mwataka ushahidi gani tena?” Watu wakainua macho, wakanyamaza. Basi picha ikawa shahidi, na shahidi asiyeweza kuulizwa maswali. Nasi tulijiuliza kimoyomoyo: huyu anajua nini? Katika desturi ya Bushi mtu alipata ardhi kwa kalinzi, yaani ng'ombe au mali iliyotolewa kwa mwenye nchi mbele ya watu. Kalinzi haionekani katika picha ile. Vinavyoonekana ni kiti, fimbo na mwavuli.

Siku ile hatukusema neno, maana penye kilio si mahali pa kusomesha watu. Lakini katika kurasa hizi twaweza kusema. Picha za jamaa za wakubwa yafaa tuzisome kama tusomavyo barua: ni nani aliyetaka iandikwe, imeandikiwa nani, na mwenye kuiandikisha alikuwa na haja gani. Maana picha ya namna hii haitupi habari ya nguvu aliyokuwa nayo mtu. Yatupa habari ya nguvu aliyotaka tumwaminie. Mambo hayo mawili mara nyingine hukaa pamoja. Mara nyingi hayakai.

Tuanze mbali kidogo, kwa wafalme wa Ulaya, kwa kuwa wao walikuwa na wachoraji tangu zamani. Mwaka 1701 Hyacinthe Rigaud alimchora Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Mfalme amesimama na vazi kubwa la buluu lenye maua ya dhahabu, ndani lina manyoya meupe. Viatu vyake vina visigino vyekundu. Taji liko kando juu ya mto. Fimbo ya enzi ameigeuza kichwa chini, akaiegemea kama mzee wa kwetu anavyoegemea bakora yake kilimani. Juu yake limening'inia pazia jekundu zito, na pazia hilo halikingi upepo wala jua. Ni mwavuli wetu wa barazani, wala si kitu kingine. Sasa tazameni vizuri: uso ni wa mtu aliyepita miaka 60, mashavu yameshuka; lakini miguu ni ya kijana mcheza ngoma. Mchoraji alisema kweli juu, akabembeleza chini. Picha ilikusudiwa kupelekwa kwa mjukuu wake, aliyekuwa amepata ufalme wa Hispania, lakini ilipendeza mno hata mfalme hakuiachilia. Akabaki nayo.

Twaijua vizuri tabia hiyo. Nani kati yetu hakupata kuazima koti siku ya kwenda kupigwa picha?

Miaka 99 baadaye, mwaka 1800, Francisco Goya aliichora jamaa nzima ya Charles wa 4, mfalme wa Hispania. Kwa maoni yetu hakuna picha ya jamaa ya kifalme yenye mafundisho kuliko hiyo. Wote wamejipanga mbele yetu, nishani vifuani, hariri zinang'aa. Lakini aliyesimama katikati ni malkia Maria Luisa, mkono wake begani mwa binti, na mwingine umemshika mtoto wa kiume. Mfalme amewekwa kando kidogo, mnene, kama mgeni aliyesahauliwa na waandaaji. Tena yumo mwanamke aliyegeuza uso usionekane. Husemwa kwamba ni mahali palipowekwa kwa ajili ya mke wa mrithi, ambaye alikuwa bado hajachaguliwa. Fikirini: jamaa inamchora mtu asiyekuwapo, kwa sababu kiti chake kimekwisha tengenezwa! Hapo ndipo utajua kwamba picha kama hii si ya watu. Ni ya vyeo, na watu wanaazimwa ili wavijaze.

Na vyeo vile havikudumu. Mwaka 1808, miaka 8 tu baada ya rangi kukauka, Charles alitoka katika enzi, na Napoleon akampa ndugu yake mwenyewe kiti kile. Picha ilibaki Hispania, wenyewe wakafa ugenini.

Iko picha nyingine ya Hispania iliyotutangulia sana, ya mwaka 1656, ya Diego Velázquez. Katikati yuko binti wa mfalme, Margarita, msichana mdogo mwenye nguo pana, na vijakazi wake wa heshima wanampa maji. Wamo vibete wawili wa jumba, yumo mbwa mkubwa aliyelala, na mchoraji mwenyewe ana brashi mkononi. Mfalme yuko wapi? Humwoni, mpaka utazame mbali kabisa, ukutani, penye kioo kidogo: ndimo nyuso za mfalme na malkia zimo, hafifu kama za watu waliomo katika moshi. Wote wanaotazama mbele wanawatazama wao, na wao wamesimama mahali pale tuliposimama sisi. Velázquez alijua neno ambalo Rigaud hakulijua: mkubwa kweli kweli hana haja ya kuonekana. Yatosha wengine wageuke kumtazama.

Neno hilo la mwisho wazee wa nchi zetu za maziwa makuu walilijua pasipo kufundishwa na Mhispania. Tarehe 2 Februari 1900, Mapadri Weupe wa kwanza wakiongozwa na Askofu Hirth walifika Nyanza, makao ya mfalme wa Rwanda. Walipokelewa kwa heshima, wakaongea na mfalme, wakapata ruhusa, na baada ya siku chache misheni ya Save ikaanzishwa. Tatizo ni moja: yule waliyeongea naye hakuwa mfalme. Alikuwa mkubwa mmoja wa jumbani, jina lake Mpamarugamba, aliyewekwa kitini kwa ajili ya wageni. Mfalme wa kweli, Yuhi Musinga, alikuwa angali kijana. Alikuwa ameinuliwa katika enzi baada ya mapigano ya Rucunshu ya mwaka 1896, na mama yake Kanjogera pamoja na ndugu zake ndio walioshika mambo. Uso wa mfalme haukuwa kitu cha kumwonyesha kila mpita njia. Mwatuwia radhi tukicheka kidogo juu ya mapadri wetu wema. Walikuja kutangaza Habari Njema kwa mfalme, wakamtangazia mtu aliyekaimu.

Hata kilemba cha Mwami chasema jambo hilohilo. Ukitazama picha za Musinga utaona ukanda wa shanga kichwani, na nyuzi za shanga nyeupe zinaanguka mbele ya uso. Ni pazia dogo. Mfalme anakutazama, wewe humtazami. Kwetu Bushi nako, Mwami hujulikana kwa ishungwe la kichwani kuliko kwa sura yake. Wanadamu hupita, ishungwe hurithiwa.

Basi, fikirini ilivyokuwa kamera ilipoingia katika nchi yenye mawazo hayo. Mwaka 1907 alikuja Nyanza Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwenyewe mtoto wa jamaa ya kitawala, pamoja na wataalamu na vyombo vya kupigia picha. Musinga akapigwa picha, nazo zikachapwa katika kitabu huko Ulaya. Waliozitazama huko waliona mfalme mrefu wa Afrika katika utukufu wake. Hawakuona kwamba jambo jipya limetokea: yule ambaye miaka 7 kabla yake alifichwa, sasa alisimama mbele ya jicho la mgeni, akingoja aambiwe kwamba imekwisha. Katika Ulaya mfalme alimwajiri mchoraji, akamlipa, akamwamuru. Hapa mwenye chombo ndiye aliyeamuru, na mfalme ndiye aliyetulia. Vazi ni la mtawala, mkao ni wa mtawala, lakini neno “tulia” limetoka upande wa pili.

Na mwisho wake mwaujua. Mwezi wa Novemba 1931 serikali ya Ubelgiji ilimwondoa Musinga. Alikataa mambo yao mengi, na ubatizo pia aliukataa. Askofu Léon Classe wa Kabgayi naye alitaka aondolewe. Ni heri jambo hilo lisemwe wazi katika gazeti la Kikatoliki kuliko wengine waje kutusemea. Musinga akapelekwa Kamembe. Ndugu wasomaji wa Bukavu, Kamembe ni pale ng'ambo ya Rusizi, tunapopaona kila siku. Alikaa pale hata mwaka 1940, kisha akavushwa kuletwa Kongo, mpaka Moba kandokando ya Tanganyika, na huko ndiko alikofia. Mfalme aliyekuwa katika vitabu vya Ulaya pamoja na shanga zake alikuwa akiishi mkabala na mji wetu kama mtu wa kawaida aliyehamishwa, na picha zake zilikuwa zikiuzwa bado.

Baada yake akaja mwanawe, Mutara Rudahigwa. Huyu ndiye Mwami ambaye wazee wengi wa parokia zetu bado wana picha yake katika misale au katika sanduku. Tarehe 17 Oktoba 1943 alibatizwa Kabgayi na Askofu Classe, akaitwa Charles Léon Pierre. Msimamizi wake alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo. Siku ileile mama yake Kankazi naye akabatizwa, jina lake Radegonde. Mwaka 1946 Mwami akaitoa nchi yake kwa Kristu Mfalme. Alijua sana kupigwa picha! Alikuwa mrefu kupita mita 2, kwa hiyo hakuhitaji kiti ili aonekane mkubwa. Katika picha moja ana taji la shanga na manyoya marefu meupe ya mbega, nguo nyeupe imefungwa begani. Katika nyingine ana suti ya Kizungu iliyoshonwa vizuri kabisa. Wengine husema kwamba suti ilikuwa utumwa na manyoya yalikuwa uhuru. Sisi hatukubali upesi namna hiyo. Mavazi yote mawili yalikuwa barua, ila zilikwenda kwa watu wawili: moja kwa Wabelgiji, kuwaambia “mimi ni mwenzenu”, nyingine kwa watu wake, kuwaambia “mimi ni yeye yule wa zamani”. Mtu mwenye kuandika barua mbili kila siku ni mtu ambaye pande zote mbili zinamwuliza: wewe ni wa nani?

Lakini lililo kubwa zaidi katika picha za Rudahigwa ni lile ambalo macho hulipita. Kwa desturi ya Rwanda Mwami hakutawala peke yake, alitawala pamoja na mama yake. Hao ndio waliokuwa jozi ya enzi. Sasa, baada ya ndoa ya mwaka 1942 na Rosalie Gicanda, picha zilizoenea zinamwonyesha Mwami na mke wake, bega kwa bega, kama bwana na bibi wa Kikristu wanavyopigwa picha mlangoni pa kanisa. Mama amehama mahali pake, mke ameingia. Hakuna sheria iliyosomwa, hakuna ngoma iliyopigwa. Wamebadili tu mahali pa kusimama, na katiba ya nchi imebadilika mbele ya kamera. Sisi kama Wakatoliki twaifurahia heshima aliyopewa mke. Hata hivyo picha ile ina mahali patupu, kama ile ya Goya. Watoto hawamo. Mwami na Gicanda hawakujaliwa mtoto, na Rudahigwa alipofariki ghafula Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, kiti kilikwenda kwa ndugu yake wa baba mmoja, Kigeli Ndahindurwa, aliyekikalia muda mfupi sana kabla ya ufalme kuondolewa mwaka 1961.

Gicanda alibaki. Aliishi Butare bila taji wala walinzi, mjane mtulivu, mpaka tarehe 20 Aprili 1994, alipochukuliwa na askari akauawa. Mwaka huohuo mji wetu wa Bukavu ulijaa wakimbizi. Tukiitazama sasa ile picha ya bibi kijana kando ya bwana wake mrefu, hatuwezi kuiona kama walivyoiona watu wa mwaka 1942. Utukufu wote ule uliokuwa ndani yake haukumkinga hata siku moja.

Hapo twafikia jambo zito, nalo ni majina. Katika miaka ya 1920 na ya 1930, Mpolandi mmoja mwenye studio Leopoldville, Casimir Zagourski, alizunguka Kongo na Rwanda akipiga picha, kisha akaziuza kama kadi za posta chini ya jina la “Afrika Inayotoweka”. Ni kazi nzuri kwa macho; mwanga wake ni wa fundi. Wamo watu wa jamaa za kikubwa, wenye nywele zilizosukwa juu na shingo ndefu, wanaotazama mbali kama sanamu za malaika. Lakini soma maneno yaliyochapwa chini: mara nyingi ni nchi na kabila, basi. Kadi ya mtawala wa Ulaya ilikuwa na jina lake, la baba yake na cheo chake. Mkubwa wa kwetu aliingia studioni akiwa fulani mwana wa fulani, akatoka akiwa mfano wa kabila lake. Alidhani picha yampandisha, kumbe yamfuta. Na macho yaliyozoezwa miaka mingi kutazama pua na shingo badala ya jina yalikuja kufanya kazi nyingine kabisa, wakati wa karatasi za utambulisho na wa vizuizi vya barabarani. Picha hazikuua mtu. Lakini macho yalikwisha kujifunza.

Yawezekana kufanya vingine, nayo ilikwisha fanyika zamani. Mwaka 1643 hivi, mtawala wa Soyo, nchi ya Kikristu penye mdomo wa mto Kongo, alimtuma jamaa yake Dom Miguel de Castro kwa Waholanzi. Huko Uholanzi alichorwa, na picha yake iko leo katika jumba la makumbusho la Copenhagen. Amevaa Kizungu, kofia pana ina unyoya mwekundu, macho yanakutazama pasipo kuomba lolote. Kando ya picha yake zimo nyingine mbili ndogo, za vijana wawili waliomtumikia safarini: mmoja ameshika kisanduku, wa pili ameshika pembe la ndovu. Na hawa nao wanajulikana majina: Diego Bemba na Pedro Sunda. Wamebeba mizigo ya mkubwa, ndiyo; lakini kila mmoja ana picha yake, uso wake na jina lake. Baada ya karibu miaka 400 twaweza kuwaombea kwa majina. Wakubwa wangapi wa kadi za posta hatuwezi kuwafanyia hivyo?

Turudi Kasha. Wiki mbili baada ya matanga tulipita tena katika nyumba ile, nao walikuwa wameishusha picha ili kuifuta vumbi. Bibi mmoja, mzee kuliko wote, alikuwa ameipakata mapajani. Tulimwuliza juu ya wale wanaume wawili waliosimama kuumeni. Akawataja mara moja, na kumbe mmoja wao hakuwa wa ukoo hata kidogo. Alikuwa karani aliyepita siku ile, akaombwa asimame kwa sababu alikuwa na kofia nzuri. Yule wa pili ndiye baba wa mjukuu aliyenyosha kidole. Tukamwuliza juu ya mwanamke aliyekatwa nusu. Akasema: “Huyo ndiye mama yangu. Mwenye ng'ombe wa kalinzi alikuwa baba yake.”

Watu waliokuwa chumbani wakaacha kuongea.

Tukauliza mwisho juu ya kijana wa mwavuli. Bibi akaisogeza picha karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Akalitaja jina, tena akataja na nyumba ya wajukuu wake, walioko bado juu ya kilima kilekile, na ambao katika ubishi wote ule wa shamba hakuna aliyewaita. Tuliigeuza picha. Nyuma yake palikuwa na muhuri wa mpiga picha uliofifia, na chini ya muhuri nafasi nyeupe. Kalamu ya risasi ilikuwako mezani, na wenye nyumba walikuwa wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aishike.